Udongo wa Juu Utawekwa Wapi?

Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti ya mwanajiolojia R. M. Shackleton kuhusu miamba ya eneo la Nyeri. Mwaka uliofuata ikatoka ripoti yake nyingine, hii ikihusu ukanda wa dhahabu wa Migori. Mtu ni yule yule na nyundo ni ile ile, ila kule Migori alikuta dhahabu, na huku Nyeri akakuta majivu ya volkano yaliyogandamana yakawa jiwe. Kuna wazee ambao mpaka leo wanaona kama tulipunjwa.

Hatukupunjwa, tulichelewa kuzaliwa. Miamba yenye dhahabu ya magharibi mwa Kenya ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, ilhali Mlima Kenya ni volkano iliyokuwa ikitema moto yapata miaka milioni 3 iliyopita. Ndiyo maana mtu anaweza kuinama kwenye mto Chania, Gura au Thagana na karai lake mchana kutwa, asiondoke na kitu ila baridi ya miguu. Utajiri wetu wa chini ni jiwe la kujengea, murram ya barabara, mchanga ukishuka kuelekea Tharaka, na juu ya vyote hivyo udongo mwekundu unaobeba chai na kahawa.

Hata hivyo tunachimba, na kwa bidii. Kila jengo la ghorofa linaloota Karatina, Kerugoya, Chuka au Nanyuki limeacha shimo mahali fulani. Barabara ya Kenol–Sagana–Marua peke yake, kilomita 84 za kupanuliwa ziwe njia mbili kila upande, ilidai mawe na udongo ambao haukudondoka kutoka mbinguni. Kwa hiyo nitaazima akili ya watu wasiokuwepo huku, wachimbaji wa dhahabu ya mtoni, kwa sababu biashara yao humwadhibu asiye na mpango mapema kuliko biashara ya mawe.

Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, na mchanga wa kawaida hauzidi mara tatu. Mto unapobeba vyote viwili, dhahabu huzama, hupenya katikati ya changarawe na kutulia karibu na mwamba wa chini. Anayeitafuta hulazimika kuondoa mita kadhaa za udongo na kifusi kisicho na chochote ndipo afikie tabaka jembamba lenye kulipa. Kwa maneno mengine, kazi yake hasa ni kuhamisha uchafu, na faida yake inategemea ameuhamisha mara ngapi. Mchimbaji mwenye akili huchimba kwanza visima vya majaribio kwa mistari, apime kila kimoja kina cha kifusi na kiasi cha dhahabu, kisha aligawe eneo vipande vipande. Kifusi cha kipande cha kwanza hukiweka pembeni, mahali ambapo vipimo vimeonyesha hapana kitu. Kifusi cha kipande cha pili hakipandi juu tena, hutumbukizwa ndani ya shimo la kwanza, cha tatu ndani ya la pili, na kuendelea. Siku ya mwisho lile rundo la kwanza hurudi kufukia shimo la mwisho. Kufukia kwa mtindo huu hakuna bajeti yake, maana tingatinga lilikuwa lazima limwage mzigo mahali fulani.

Asiye na mpango humwaga popote palipo wazi. Baada ya miezi miwili anagundua kwamba rundo lake limekalia dhahabu ya mwezi ujao, analihamisha upya kwa dizeli ya kununua. Kosa hilo halingoji afisa wa mamlaka ya mazingira, NEMA, aje kulitambua. Linaonekana kwenye stakabadhi ya mafuta.

Katika mpango wa yule mwenye akili kuna rundo moja dogo ambalo halichanganywi na mengine, nalo ni la udongo wa juu. Ukisimama kwenye ukingo wa timbo lolote la mawe huku Nyeri utauona kwa macho: tabaka la rangi iliyokoza lenye mizizi ya nyasi na ya miti, halizidi sana urefu wa mkono toka kiwiko hadi vidole. Chini yake udongo mwekundu mtupu, halafu mwamba uliooza wa manjano, na mwisho jiwe lenyewe. Mbegu, minyoo, vijidudu na mbolea ya miaka mingi vyote vimo katika tabaka lile la juu. Wachimbaji wetu huliita takataka, na kwa lugha ya kazi yao hawajakosea, kwa kuwa linawazuia kufikia jiwe. Kwa hiyo husukumwa bondeni siku ya kwanza, likifuatwa na udongo mwekundu, na mvua ya njahi inapokuja mwezi wa tatu huchukua vyote kwa pamoja na kuvipeleka mtoni bila kubagua.

Hebu tupige hesabu ya takataka hiyo. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Udongo wa juu wenye kina cha sentimita 30 ni takriban mita za ujazo 1,200, na kwa kuwa udongo ukichimbuliwa huvimba kwa karibu robo, utakuwa na 1,500 za kubeba. Lori la mita za ujazo 10 litafanya safari 150. Sasa mpigie simu mwenye lori wa Mweiga au Chaka umwulize bei ya safari moja, uzidishe, kisha uongeze bei ya udongo wenyewe, kwa sababu mahali utakapoutoa nako patabaki kipara. Kuusukuma pembeni siku ya kwanza na kuupandia nyasi kungekuwa kazi ya siku chache za tingatinga. Tofauti ya gharama hizo mbili ndiyo inayoamua kama shamba litarudi kuwa shamba. Mengine yote yanayosemwa kwenye warsha huja baada ya hapo.

Kuuhifadhi nako kuna masharti. Rundo lisipande juu zaidi ya mita mbili hivi, kwa kuwa ndani ya rundo refu hewa haifiki na uhai ulioko unakufa, ukabaki na udongo wa rangi nzuri usio na nguvu. Lisikae miaka. Uvunwe wakati wa kiangazi ukiwa mkavu, usikanyagwe na magari, na urudishwe kabla tu ya mvua, iwe ndefu ya njahi au fupi ya mwere, ili kitu kiote kabla ya matone kuushusha. Mkulima yeyote wa Othaya au Mathira anajua haya tayari. Tatizo ni kwamba siku ya kuchimba jiwe huwa amepumzishwa ukulima na kupewa ukodishaji.

Mwenzetu wa dhahabu tunaachana naye katika jambo moja, nalo ni kubwa. Yeye akimaliza, kilichoondoka shambani kinaingia mfukoni mwa koti. Vingine vyote vimebaki, tena vimevimba, kiasi kwamba shida yake ni kilima kuliko shimo. Kwenye machimbo ya mawe kinachouzwa ni shimo lenyewe, futi kwa futi. Mtu akikuahidi kwamba timbo la mawe litarudi kama lilivyokuwa, mwulize kwa upole jiwe atalitoa wapi.

Hilo halimaanishi kwamba hakuna la kufanya. Tuseme ekari moja imechimbwa mita 6 ndani ya jiwe. Mwamba ulioguswa ni mita za ujazo 24,000 na zaidi kidogo. Mashine ya kukata hutembea juu ya reli zake ikichora mistari sakafuni, vijana hufuata na mitalimbo kubandua matofali ya jiwe, na kila penye ufa, kona mbovu au tabaka laini panatoka vipande. Tuseme nusu ya mwamba inapotea hivyo. Nusu iliyouzwa, kwa kipimo cha inchi tisa kwa tisa, ni zaidi ya futi 700,000. Nusu iliyobaki ni mita 12,000 za mwamba mzima, lakini mwamba uliovunjika huvimba kuliko udongo. Ukivimba kwa asilimia 40 unapata takriban mita 17,000 za vipande na vumbi. Shimo letu ni la mita 24,000. Kwa hiyo uchafu wa timbo lenyewe unatosha kujaza theluthi mbili za timbo, ukiwekwa nyuma ya mashine kadiri inavyosonga mbele, kama anavyofanya yule wa dhahabu na kifusi chake. Juu yake udongo mwekundu, na juu kabisa lile rundo dogo lililotunzwa. Utabaki na bonde la mita mbili lenye miteremko ya pole, ambalo kwa viwango vya milima yetu ni uwanja wa mpira.

Nusu hiyo niliikisia, na timbo moja si sawa na jingine. Lakini sura ya hesabu haibadiliki: kinachojaza shimo kilikuwa papo hapo, kikaondoshwa. Vipande vinauzwa kuwa mawe ya msingi, vumbi linauzwa kwa wafyatuaji wa matofali ya saruji, na mabaki ya mabaki humwagwa kwenye mashimo ya barabara wakati wa kampeni. Kwenye kwari zetu hakuna kinachotupwa isipokuwa kwari. Simlaumu mwenye kuuza vumbi; vumbi lina bei. Ila bei hiyo ingepaswa kujua kwamba inauza pia kifuniko cha shimo. Shilingi moja tu ikitengwa kwa kila futi ya jiwe, ekari yetu ya mfano ingekuwa na zaidi ya shilingi 700,000 benki siku ya kufunga, na shilingi moja katika bei ya futi ni kitu ambacho fundi wala mwenye nyumba hawatakisikia.

Kuna kizuizi ambacho wataalamu wa vitabuni hawakipi uzito, kwa sababu wamezoea migodi ya nchi pana. Mpango wa vipande unahitaji nafasi ya rundo la kwanza. Mashamba ya Nyeri yalipimwa na kupewa hati baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na tangu hapo yamegawanywa kwa wana na wajukuu hadi tumefika robo ekari, na mjini futi hamsini kwa mia. Mwenye robo ekari akiamua kuchimba, hana pembeni ya kuweka chochote, kwa kuwa pembeni yake ni kwa jirani. Kwa hiyo huchimba hadi mpakani, ukuta wima, na jirani anayeona ua wake unaning'inia naye huita wachimbaji, kwani shamba lenyewe limeshaanza kuondoka. Mashimo matano madogo ya watu watano hayana mpango unaowezekana. Shimo moja la watu haohao watano, likianzia upande wa chini wa mteremko na kupanda, linao. Wanunuzi wa jiwe hawatafanya kazi ya kuwakutanisha. Huku kwetu ushirika si mgeni, kahawa yetu imepita humo kwa miongo mingi kwa uzuri wake na kwa kesi zake, na Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imeweka kamati katika kila kaunti ya kushughulikia wachimbaji wadogo. Pangekuwa mahali pa kuanzia.

Sheria hiyohiyo, kwa kweli, haina upungufu mkubwa wa maneno. Inamtaka anayeomba leseni ya kuchimba awasilishe mpango wa kurekebisha ardhi na wa kufunga mgodi, na aweke dhamana ya fedha itakayogharamia kazi hiyo. Ardhi irudishwe katika hali yake ya awali au karibu nayo kadiri inavyowezekana. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 nayo inadai tathmini ya athari kabla ya machimbo kufunguliwa. Mrabaha umegawanywa vizuri: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya mahali. Shimo linabaki kwa mwenye shamba, asilimia mia.

Kwamba watu wa huku hawaamini sana karatasi za ardhi, wana sababu. Sheria ya mwaka 1930 iliahidi kwamba ardhi ya maeneo ya Waafrika ni yao milele, na kipande kikichukuliwa, kingine cha thamani sawa kitolewe badala yake. Mwaka 1931 dhahabu ya mtoni ikaonekana Kakamega. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa ili ardhi ya machimbo ichukuliwe bila kipande cha kufidia. Milele ilikuwa imedumu miaka miwili. Tume ya Carter, iliyokuwa wakati huohuo ikisikiliza malalamiko ya ardhi ya Wakikuyu, iliandika ripoti yake katika hewa hiyo. Na miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, wanakijiji wa pande hizi walichimbishwa kwa nguvu handaki la takriban kilomita 80 pembeni mwa msitu wa Mlima Kenya, lenye miti iliyochongwa ncha ndani yake, ili kuwatenga wapiganaji wa msituni na chakula. Hiyo huenda ndiyo kazi kubwa kuliko zote ya uchimbaji iliyowahi kufanywa huku kwa mkono, na mpango wake wa kufukia sijapata kuusikia.

Tofauti ya leo ni kwamba anayetia sahihi ni mwenye shamba mwenyewe. Mkataba wa kawaida unataja kodi, muda, njia ya malori na nani atalipa ukuta wa jirani ukianguka, kama una bahati. Udongo hautajwi.

Mahali pa mpango palijazwa miche. Hili linaniuma kulisema katika kaunti aliyozaliwa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, lakini miti imegeuzwa kuwa risiti. Timbo likifungwa, wageni huja na miche na fulana, hupiga picha, huondoka, na mche hubaki umesimama kwenye vumbi la mawe ukingoja kufa. Mti hauumbi udongo pasipo na kitu kwa muhula mmoja wa uchaguzi. Tunajua inachukua muda gani kwa sababu Kenya imeshafanya jaribio hilo, na kwa uzuri kuliko nchi nyingi. Mwaka 1971 Rene Haller alianza kupanda miti kwenye timbo la kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, sakafu ya matumbawe isiyo na udongo, yenye jua kali na maji ya chumvi karibu. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili zilikuwa tatu. Mvinje ndio uliobeba kazi, lakini majani yake membamba yalirundikana bila kuoza, mpaka akaleta jongoo waliokuja kuyatafuna na kuyageuza mboji. Leo ni bustani ya wanyama inayojulikana duniani, hasa kwa sababu ya kiboko aliyefanya urafiki na kobe baada ya tsunami ya Desemba 2004. Watalii wanamkumbuka kiboko. Mimi ningependa wachimbaji wamkumbuke jongoo, na miaka aliyohitaji.

Mfano wa pili uko Kwale, na huu ndio ulio karibu zaidi na dhahabu ya mtoni, maana madini ya pale pia ni chembe nzito zilizo katikati ya mchanga. Kampuni ya Base Titanium ilianza kusafirisha madini yake mwaka 2014 na kufunga uchimbaji mwishoni mwa 2024. Kilichouzwa ni sehemu ndogo ya mchanga uliochimbwa. Mwingine ulirudishwa, ukasawazishwa, ukafunikwa kwa udongo wa juu uliokuwa umetengwa, na kupandwa. Yako maswali mazito kuhusu waliohamishwa na kuhusu nani ataimiliki ardhi hiyo sasa, na sitaki yasahaulike kwa sababu ya nyasi nzuri. Lakini kwa suala la nini kiwekwe wapi na lini, pale lilijibiwa kabla ya tingatinga kuwashwa, na kampuni ilikuwa na pesa ya kulijibu. Mwenye robo ekari wa Tetu hana pesa hiyo. Ana faida moja ambayo Bamburi haikuwa nayo: udongo wake upo, mwekundu, wenye kina, umelala juu ya jiwe ukingoja kuulizwa utakwenda wapi.

Kwa hiyo, ndugu mwenye shamba, kabla hujatia sahihi, mtoe huyo mnunuzi wa mawe ofisini mwa wakili na utembee naye shambani. Akuonyeshe kwa kidole mahali udongo wa juu utakapowekwa, mahali vipande vitakapokwenda, na upande atakaoanzia. Mambo hayo matatu yaandikwe kwenye mkataba, na kodi ya miezi ya mwisho ishikwe hadi udongo urudi. Kama majirani zako nao wameanza kufuatwa, kaeni kikao kabla yeye hajawafikia mmoja mmoja. Asipoweza kukuonyesha, usimkodishie.